Kwake na Kwao

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafsiri neno moja kama nilivyotaka liwe. Neno lenyewe ni la Kichewa, kwawo, na kila anayejua Kiswahili akilisikia anadhani tayari analijua. Mimi pia nilidhani. Sisi tuna maneno mawili mahali pale: kwake, yaani nyumba anamolala mtu leo, na kwao, yaani anakotoka. Mtu anaweza kuwa na kwake Kawale, mtaa wa Lilongwe, na kwao kukawa Bukavu. Nililisikia neno hilo kwenye mkutano wa kampeni, nikachagua kwake, na dada yangu akapanga maisha yake juu ya uchaguzi huo wangu.

Kichewa hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, kwa redio na daftari. Nilikuwa nikiandika neno, nalisahihisha, na herufi moja ikiharibika nachana ukurasa mzima. Bado niko hivyo. Barua ya mistari mitano naiandika mara nne, na nikishaituma naisoma tena nikitafuta mahali pa kuonea aibu. Kanisani kwetu waliita hiyo bidii. Ni woga. Lakini kwa sababu yake watu waliniamini, wakasema yule kijana hakosei, na mimi nikaupenda sana msemo huo.

Dada yangu ndiye aliyenilea tangu tulipotoka Bukavu. Ni mshonaji. Alikuwa na chumba Kawale, nyuma ya soko. Amri ya wakimbizi wote kurudi kambini ilikuwa imetoka zamani, na wengi walifunga maduka yao wakarudi. Yeye aliondoa kibao mlangoni, akaingiza cherehani ndani kutoka barazani, akaendelea. Mimi nilikuwa nakuja kutoka Dzaleka siku tatu kwa juma kumshonea vifungo na kuzungumza na wateja, kwa sababu Kichewa chake kiliishia kwenye salamu.

Ndipo akaja yule mama wa chama. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa chama kimoja kikubwa pale mtaani. Jina la chama sitalitaja, na halisaidii kitu. Alileta majora ya vitenge vyenye uso wa mgombea urais, akataka magauni ya akina mama wote wa tawi lake kabla kampeni hazijachanganya. Sisi tulimwita amayi, yaani mama, kama inavyopasa, na yeye alimwita dada achemwali, ndugu yangu wa kike. Alikula nasi. Alikuwa akileta nsima, ugali wa huku, kwenye bakuli lenye kifuniko, anakaa juu ya jora, anatazama mikono ya dada ikifanya kazi.

Kukata kitenge cha mgombea ni kazi ya adabu. Uso haufai kukaa makalioni, haufai kupasuliwa na zipu, na ukiwa kifuani haufai kuangukia titi moja. Nilipima kila gauni mara mbili kwa chaki. Dada alinicheka. "Huyu mutu bado hajashinda, we unamupima kama marehemu," alisema.

Kama angeshinda ndiyo ilikuwa habari ya kila siku. Mlangoni petu alikuwa anakaa fundi viatu mmoja, mzee wa Fizi, Mkongo mwenzetu, ambaye naye alikuwa amegoma kurudi kambini. Yeye hakukipa chama kile nafasi yoyote.

"Hii parti ilikuwa ya tatu safari ile," alisema. "Wa tatu anarukaje?"

Nikamweleza kwamba safari hii wana muungano. Hapa mtu hawi rais bila kupata zaidi ya nusu ya kura zote, kwa hiyo vyama vidogo ndivyo vinavyoamua, na viwili vilikuwa vimekwisha kuungana nao. Nikamwambia kuhusu foleni za petroli, bei ya mbolea, sukari inayopotea madukani: watu wamechoka na waliopo. Nikamwambia pia kwamba kila asubuhi, kutoka stendi hadi sokoni, nahesabu wanawake waliovaa kitenge kile, na idadi inapanda. Nilikuwa nimeandika yote kwenye daftari.

"We unahesabu bitenge," alisema. "Kitenge banapewa bure. Hata mi banipe, nitavaa. Na mi sivoti."

"Papa, wewe hawatakupa," dada akamjibu bila kuinua kichwa. "Kitambaa hakitoshe hilo tumbo."

Mzee akacheka mpaka akaangusha sindano yake. Lakini dada alikuwa ananisikiliza. Baadaye, tulipokuwa peke yetu, aliniuliza tena habari za muungano, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu alichokwisha kukipenda.

Mkutano ulikuwa Jumamosi mchana, kwenye uwanja mtaani kwetu. Tulisimama nyuma kabisa, mimi na dada, tukitazama magauni yetu yakicheza mbele ya jukwaa. Msemaji alisema mengi ya mbolea na ya barabara. Kisha akasema sentensi moja ambayo hadi leo naweza kuisema kwa sauti yake: "Tikalowa m'boma, aliyense adzakhala kwawo mwamtendere."

"Anasema nini?" dada aliuliza.

"Anasema wakiingia serikalini, kila mtu ataishi kwake kwa amani."

"Kila mutu? Hata siye?"

"Amesema kila mtu."

Alinishika mkono, jambo asilolifanya tangu nikiwa mdogo.

Nilijua usiku uleule kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Kwawo ya Wachewa ni kijiji chako, watu wako, mahali utakapozikwa. Hakuna Mchewa anayepanga chumba Kawale akakiita kwawo. Kwa hiyo siku iliyofuata nilimwuliza amayi, uso kwa uso, akiwa anajaribu gauni.

"Amayi, yule bwana aliposema kwawo, alimaanisha wapi? Sisi huku mjini, au tulikotoka?"

Aligeuza bega ajione kwenye kioo. "Kwawo ni kwawo, achimwene," alisema, akiniita kaka. "Ninyi si mko kwetu hapa? Shoneni tu."

Lile halikuwa jibu. Nililisikia kwamba si jibu. Lakini nilikuwa nimeuliza, na mtu akiuliza anaonekana mwangalifu, na mimi kuonekana mwangalifu kulinitosha. Niliandika kwenye daftari: amethibitisha.

Wakati huohuo mchungaji wetu wa Dzaleka alikuwa amemshikia dada kibanda. Kilikuwa kando ya barabara ya soko la kambi, chenye paa zima na mlango unaofungwa, mahali ambapo mshonaji anaonekana na kila anayepita. Vibanda vya aina hiyo havibaki wazi. Mchungaji alisema anaweza kukishika mpaka Jumapili ya pili, si zaidi.

Dada alizima taa ya cherehani, akanikalisha mbele yake. "Nambie kweli," alisema. "Hii parti itashinda? Na ikishinda, tunabaki?"

Nilikuwa na ukurasa mzima wa sababu. Nikajibu ndiyo mara mbili. Akasema basi hatamjibu mchungaji kwanza, atangoja aone.

Siku ya Jumatatu nilipeleka fungu la pili la magauni kwa amayi, mtaa wa Area 47, kwenye nyumba ambamo akina mama wa chama walikuwa wanakutana. Walikuwa uani, wamekaa kwenye mkeka, wanachambua mboga. Nilikuwa bado upande wa geti na furushi kichwani nilipomsikia mmoja akisifu mshono na kuuliza ni wa nani.

"Wa Wakongo wangu wa Kawale," amayi alijibu.

"Na tukishinda?"

"Tukishinda wanarudi kwawo. Si mlimsikia yule bwana jukwaani? Wengine kambini, wengine makwao huko. Maduka yale watayapata vijana wetu."

Mwingine akasema, "Maskini, wanashona nguo za kuwafukuzia," na wakacheka, si kwa ubaya, kama watu wanavyomcheka jirani aliyevaa kandambili zisizofanana. Amayi alicheka pamoja nao. Nilikijua kicheko kile. Nilikuwa nimekisikia mara nyingi chumbani kwetu, mdomo wake ukiwa umejaa chakula tulichokula wote.

Nikabisha, nikaingia, nikasalimia. Amayi aliniangalia, akajua kwamba nimesikia, kwa sababu ni yeye aliyekuwa ananisifu kwa watu kwamba Kichewa changu hakina lafudhi. Akapokea furushi. Akasema zikomo, asante. Akaniuliza kama achemwali hajambo.

Sasa nafika mahali ninapotaka kuruka nisipasimulie. Ilikuwa Jumatatu, na kibanda kilikuwa bado chetu mpaka Jumapili. Nilikuwa na siku sita. Sikumwambia dada.

Nilijiambia kwamba nahitaji uhakika. Nilitafuta kwenye simu rekodi ya mkutano, nikaisikiliza hadi maneno ya msemaji yakawa hayana maana tena. Nilimwuliza mwalimu mmoja wa Likuni, aliyekuja kupunguziwa suruali, kuhusu neno kwawo, akanieleza yaleyale niliyokwisha kuyajua. Niliandika nitakavyosema kwa dada, nikafuta, nikaandika tena. Nilitaka sentensi ambayo ndani yake mimi sikukosea. Sentensi hiyo sikuipata, na siku zikapita.

Jumapili dada alikwenda Dzaleka kusali. Alirudi saa kumi, mwepesi, amebeba ndizi.

"Mchungaji amenipigia maneno kidogo," alisema. "Kibanda amemupa mama mumoja wa Uvira. Nimemwambia hakuna shida. Ndo vizuri vile, sasa hatuna roho mbili. Ni hapa tu."

Ndipo nikamwambia. Nilisema vibaya, bila mpangilio, nikianzia katikati. Alinisikiliza akiwa bado ameshika ndizi.

"Siku gani ulisikia?"

"Jumatatu."

"Jumatatu hii iliyopita?"

"Ndiyo, dada."

Aliziweka ndizi mezani. "Yule mama simujue," alisema. "Ni mutu wa politiki. Lakini we nilikuosha."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Amayi alikuja siku mbili baadaye kuchukua fungu la mwisho, bila bakuli la nsima. Dada aliyakunja magauni yote mbele yake, moja moja. Kisha akaniambia nimtafsirie, neno kwa neno, nisiongeze kitu.

"Mwambie: huyu ndugu yangu alikuuliza. Kwa nini hukumwambia?"

Nikatafsiri. Amayi alitazama mlangoni, alipokuwa anakaa mzee wa Fizi, kisha akamtazama dada.

"Ningewaambia, mngeshona?" alisema.

Nikalitafsiri na hilo. Dada hakuhitaji muda wa kufikiri.

"Mwambie tungeshona. Ni kazi. Tungechukua tu kibanda kwanza."

Nilipomaliza, amayi alishika kitambaa cha gauni la juu akakisugua kwa vidole, kama mnunuzi. Mwishowe akasema gauni moja linambana kwapani. Dada alilifungua mshono hapohapo, akalipanua, akampa. Sijui kama lile lilikuwa ombi la msamaha. Nimelifikiria sana, na bado sijui.

Tulihama Kawale kabla ya mwisho wa mwezi ule. Dada anashonea sasa nyuma ya nyumba ya muumini mmoja kambini, ambapo hapiti mtu asiye na safari ya kwenda pale. Wateja wanaompata ni wale wanaomjua. Kura bado haijapigwa. Kila ninayemwuliza anasema chama kile kitachukua, hata mzee wa Fizi, ambaye naye alirudi kambini, amegeuza maneno. Mimi pia naona kitachukua. Hesabu zangu za vitenge hazikuwa na kosa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: nilikuwa sahihi pale ambapo hakuna aliyehitaji niwe sahihi.

Dada anajifunza Kichewa. Anafundishwa na mwanamke wa kijiji cha jirani anayeleta nyanya kambini asubuhi, na tayari anaweza kubishana naye bila kusimama. Akitaka kujua neno lina maana gani, anamwuliza yeye. Mimi haniulizi tena.