Mazishi ya Baba kwa Kimalayalam

Baba yangu alifundisha jiografia na Kiingereza, na alipostaafu alikuwa mkuu wa shule. Naanza na hilo kwa sababu leo kuna watu wengi, wa mbali na wa hapahapa Muleba, wanaoamini alikuwa mpishi.

Kabla sijazaliwa, shuleni kwao aliletwa mwalimu wa hisabati kutoka Kerala, kusini mwa India. Alikuja na mke na mtoto wa kiume ambaye alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza. Baba alipenda kusimulia siku waliyofika: yule Mhindi aliangalia migomba, akaangalia mibuni, akaangalia udongo mwekundu unaoganda kwenye viatu, akaketi kwenye ngazi ya nyumba aliyopewa akacheka mwenyewe. Akasema, "Nimesafiri kote huko ili nifike kwetu?" Wakawa marafiki tangu hapo. Walisaidiana kusahihisha mitihani na kusikiliza redio moja. Mama alijifunza kwa mke wa yule mwalimu kukaanga mbegu za haradali, naye akamfundisha kufunga ndizi kwa majani zisiingie maji. Mkataba ulipokwisha, wakarudi kwao. Baba alisema hakuwahi kupata rafiki mwingine wa namna ile, na mimi niliyekua nikimwona akiishi na watu vizuri lakini kwa mbali kidogo, namwamini.

Yule mtoto ndiye aliyekuja kuwa mwandishi wa riwaya. Alinitafuta Facebook, mimi nikiwa mwalimu wa sekondari mjini Bukoba, nimepanga Kashai. Alieleza kwamba ameandika vitabu vingi kwa Kimalayalam, lugha ya kwao, na kwamba cha kwanza kabisa, kilichomletea jina, kilihusu utoto wake Muleba. Baadaye aliingia kwenye filamu, maana, aliniandikia, wasomaji walikuwa wanakwisha haraka kuliko yeye anavyoandika. Sasa alitaka kuigeuza riwaya ile ya kwanza kuwa filamu, na alitaka kuipiga mahali penyewe. Je, mzee bado yupo?

Mzee alikuwepo. Nilipompelekea habari kijijini kwetu Kishanda, aliagiza kibanja, shamba letu la migomba na mibuni, kipaliliwe chote na njia ya kuja nyumbani ifagiliwe, ingawa wageni wenyewe wangekuja baada ya miezi.

Walikuja wakati wa likizo ya shule, kwa hiyo nilipatikana. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri kati ya wageni na majirani waliochukuliwa kuigiza, Kiingereza kwenda Kihaya na kurudi. Mwandishi alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na sauti ya chini. Alimwinamia baba hadi kugusa miguu yake. Baba, Mlutheri wa zamani, hakuzoea kuinamiwa hivyo, akamwinua haraka akamkumbatia. Wote wawili walilia. Sitaki kumnyima mtu huyo machozi yake. Yalikuwa ya kweli.

Alimletea baba nakala ya ile riwaya. Hakuna aliyeweza kusoma hata herufi moja, zote ni za mviringo, zimejikunja. Baba aliuliza, "Mimi nimo humu?"

"Umo, anko. Umo karibu kila mahali."

"Nionyeshe."

Mwandishi akafunua, akaweka kidole chini ya mstari. Baba akachomeka kipande cha karatasi pale. Kitabu kikakaa kabatini kando ya Biblia, na kila mgeni aliyekuja, awe mwinjilisti au mnunuzi wa kahawa, alionyeshwa ukurasa ule. "Hapa ndipo nilipo," baba alisema, na mgeni aliitikia kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, hongera mwalimu."

Baba mwenyewe aliombwa kuigiza. Si maneno, kutembea tu. Kijana wa kumwigiza wangeweza kumpata kwingine, alielezwa, lakini walimtaka yeye mwenyewe, na uzee wake. Siku moja ya mvua walipiga picha ya walimu wawili wakitoka shuleni. Nafasi ya marehemu mwalimu wa hisabati iliigizwa na mwanamume waliyekuja naye kutoka India, aliyevalishwa shati la zamani lenye kola pana. Baba akapewa mwavuli.

"Mshikie mwenzako," mwandishi akasema.

Baba akasogea, wakaingia wote wawili chini ya mwavuli, kama alivyokumbuka.

"Hapana, anko. Wewe baki nje kidogo. Mkinge yeye."

"Lakini sisi tulikuwa tunaingia wote."

"Najua. Lakini kwenye kamera, mvua ikikugusa begani, inapendeza zaidi. Inaonyesha upendo."

Baba akatoka nje ya mwavuli. Walirudia mara nyingi, hadi koti lake likabadilika rangi. Nyumbani mama alimpangusa kichwa huku akilalamika, naye akasema tu, "Yule mwenzangu mwenyewe alikuwa ananiachia upande mkubwa wa mwavuli." Nimejiuliza mara nyingi kama siku ile alishaelewa.

Sisemi mvua ndiyo iliyomwua. Alikuwa na shinikizo la damu kwa miaka mingi, na alikuwa akisahau dawa kwa makusudi. Lakini wageni walikuwa hawajamaliza kazi yao alipoanguka asubuhi kibanjani, mkono mmoja umekufa ganzi, mdomo umepinda. Tulimkimbiza hospitali. Hakurudi.

Watu wa filamu waliacha kazi wakaja msibani. Walikaa kwenye nyasi na waombolezaji wengine, walikula walichopewa. Mwandishi alimwendea baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo, akamwomba ruhusa ya kurekodi mazishi. Ili familia iwe na kumbukumbu nzuri, alisema. Baba mdogo hakuona tatizo. Siku hizi msiba gani hauna mtu wa video? Mimi nilikuwa chumbani na mama, sikuulizwa.

Niliona kamera tulipofika kaburini, kamera yao kubwa, na nikashukuru moyoni kwamba baba amepata heshima hiyo. Mchungaji alisoma maisha yake: shule alizosoma, alizofundisha, alizoongoza, wanafunzi wake waliokuwa madaktari na mawakili, wengine wakiwa wamesimama palepale na suti zao. Tulipoanza kutupia udongo, yule mwigizaji wa India naye alikuja akatupa. Alikuwa amevaa lile shati la kola pana. Niliwaza kwamba masikini, pengine mvua hizi zimemfanya akose nguo kavu.

Waliondoka. Video ya mazishi waliyoahidi haikuja. Nilimwandikia mara mbili, akajibu kwamba wanahariri.

Muda mrefu ulipita kabla hajanitumia kiungo cha filamu, na ujumbe kwamba imepokewa vizuri sana kwao. Niliitazama peke yangu Kashai, kwenye kompyuta, mchana wa Jumamosi, huku nje bodaboda zikipiga honi kama kawaida. Maneno yalikuwa Kimalayalam, na chini yake yakiandikwa Kiingereza. Niliona kilima chetu. Niliona majirani wakifagia, wakikata ndizi, wakicheka maneno niliyowatafsiria mimi. Kisha akatokea baba na mwavuli, mvua inamwagika begani, na sauti ya mtu mzima inasimulia utoto wake. Chini ya picha nikasoma: "Mpishi wetu alikuwa anamfuata baba shuleni kila siku ya mvua."

Nilirudisha nyuma nikidhani nimesoma vibaya.

Sikuwa nimesoma vibaya. Katika filamu nzima hakuna mwalimu mweusi. Kuna mwalimu mmoja tu, yule wa hisabati, na kuna mpishi mwaminifu anayemlea mtoto wa bwana wake, anayezeeka, anayekufa akimkumbuka. Na mazishi yake ni mazishi ya baba yangu. Kaburi lile, jeneza lile, shangazi yangu akipiga kelele ileile aliyoipiga, mimi na khanga yangu ya msiba. Mchungaji anaonekana akisoma, midomo inasogea, lakini sauti yake imeondolewa, badala yake imewekwa filimbi. Halafu bwana mwenye kola pana anainama, anatupa udongo, anafuta macho. Msimulizi anasema kwamba watu wale hawakuwa na chochote, lakini walitupatia kila kitu.

Nilifunga kompyuta nikatoka, nikatembea hadi ziwani na kurudi, nikiwaza kwa Kihaya, kwa sababu matusi yangu ya kweli yako huko.

Wiki iliyofuata nilienda Kishanda, nikachukua kitabu kabatini, nikampelekea mtawa mmoja mwuguzi ambaye kwao ni Kerala. Nilimwomba anisomee penye karatasi. Alisoma kimya, akaniangalia, akasoma tena.

"Huyu ni nani kwako?" aliuliza.

"Baba yangu. Nataka kujua ameitwa nini."

"Hapa anaitwa mpishi. Lakini anasifiwa sana. Ameandikwa kwa upendo."

Kwa hiyo haikuwa filamu peke yake. Kidole kile kiliwekwa chini ya neno lile, baba akiwa anatazama, na mwenye kidole alijua.

Nilimpigia mwandishi. Sikusalimu sana. Nikamwuliza kwa nini.

"Dada yangu," alisema kwa ile sauti yake ya chini, "ni riwaya. Walimu wawili marafiki, hapo hakuna hadithi. Msomaji wa kwetu hawezi kulia. Nilihitaji umbali kati yao, ili upendo uvuke ule umbali."

"Umbali ulikuwepo? Ulikula kwenye sahani ya nani ukiwa mtoto?"

"Nakumbuka. Ndiyo maana nimeandika."

"Na mazishi? Ulisema ni kumbukumbu ya familia."

"Ni kumbukumbu. Watu wengi sana wamemlilia baba yako. Mwalimu gani wa Muleba amewahi kuliliwa India?" Akaongeza, kana kwamba ananipa zawadi, "Nimeanza kitabu kipya. Kuna mwanamke mkalimani ndani yake."

Nilikata simu. Sijawahi kumpigia tena. Kitabu chake kipya hakihitaji ruhusa yangu, na sitaweza kukisoma kikitoka.

Sikutaka mama ajue. Lakini baba mdogo alikuwa amepata kile kiungo kutoka kwa kijana wa Kagoma, jirani na kwetu, aliyeigiza, akakiweka kwenye kundi la ukoo, na baada ya siku chache hata wanafunzi wangu walikuwa nacho. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza bila ubaya, "Madam, ni kweli baba yenu alikuwa anawapikia Wahindi?" Nilimjibu kwamba alikuwa mkuu wa shule. Aliitikia, "Ndiyo, Madam," kwa namna ambayo mtoto huitikia asipoamini. Aliona kwa macho yake; mimi nina maneno tu.

Nilipofika Kishanda nilimkuta mama uani ameshika simu ya baba mdogo, ameisogeza karibu na uso. Alikuwa anaangalia mahali ambapo baba anapita kwenye mibuni, anasimama, anavuta tawi, anakagua matunda kama yameiva. Hakuna anayesema kitu pale. Ilipoisha, alinipa simu nimrudishie mwanzo.

"Mama, unajua wamemfanya nani?"

"Najua. Baba yako mdogo ameniambia."

"Na hukasiriki?"

"Nikikasirika atarudi kuwa mwalimu?" Akachukua simu. "Tazama anavyotembea. Goti lilikuwa linamsumbua siku hiyo, unaona? Alikuwa hataki wageni wajue."

Nilimwambia kwa ukali zaidi kuliko nilivyokusudia kwamba anayemtazama si mume wake, ni mtumishi wa watu, na kwamba kila anapofungua anawasaidia kumzika tena kwa uongo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema picha tulizonazo zote baba amesimama wima, mikono imenyooka, kama anasubiri kuadhibiwa. Hakuna hata moja ambamo anatembea. Akaniomba nimwekee ile filamu kwenye simu yake mwenyewe, maana amechoka kumsubiri baba mdogo arudi kutoka Kagoma ndipo amwazime.

Sikutaka. Nilikaa kwenye benchi, nikawasha mtandao, nikampakulia. Ilikuwa inashuka polepole sana, inakwama, inaanza tena, na mama aliendelea kumenya ndizi za mchana pembeni yangu, akiuliza kila baada ya muda kama tayari.