Boksi Lililotangulia

Kama ulisoma shule ya msingi Mwanza wakati wetu, wakati daftari lina jedwali la kuzidisha mgongoni na mwalimu wa zamu ana fimbo ya mpera, basi unaikumbuka siku ya kufunga shule mwezi wa sita. Mimi sikuwa natulia hata kidogo. Mama alikuwa akiniangalia navyozunguka nyumba anasema, "Huyu mtoto kapakwa upupu." Ripoti ukishapewa, hata kama umekuwa wa thelathini na nane kati ya arobaini, unakimbia nayo nyumbani, unaitupa kwenye kiti, unauliza jambo moja tu: tunaondoka lini?

Tulikuwa tunakwenda Ukerewe kwa bibi, mama yake mama. Kila mwaka, hakuna mjadala. Mama anakaanga maandazi ndoo nzima, anapanga nguo zetu kwenye sanduku la bati, anatupaka mafuta mpaka tunang'aa, halafu huyoo, tunashuka bandarini kupanda meli. Siku hizi watu wanatafuta likizo ya bei nafuu kwenye simu. Mama yangu aliitafuta kwenye magoti yetu. Watoto wadogo hawakulipa nauli, kwa hiyo tukimkaribia mkata tikiti mama ananong'ona, "Kunjeni magoti." Kaka yangu Deo alikuwa na miaka mitano kwa miaka minne mfululizo. Mkata tikiti mmoja alimtazama juu mpaka chini akasema, "Mama, huyu wa miaka mitano mbona anakaribia kuoa?" Mama wala hakupepesa. Akasema, "Baba yake mrefu."

Na huko kisiwani jamani! Machungwa unachuma mwenyewe, unatoboa kwa jino na kunyonya mpaka mdomo unawasha. Visamaki vya furu vya kuchoma, ugali wa muhogo mweusi unaovutika, matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, unayotia mfukoni asubuhi na kuyatafuna hadi jioni. Rede tulicheza kwa mpira wa soksi kuukuu, kombolela tulijificha mpaka wengine tukasahauliwa huko vichakani. Kuoga ni ziwani, na chupi ndiyo nguo ya kuogelea. Kichocho tulikisikia shuleni, lakini nani alikuwa na muda nacho? Bibi hakuturuhusu kulala mchana. "Mnaumwa?" anauliza. Ukisema hapana, anakupa ungo upepete mtama. Tulirudi mjini weusi tii, tumenenepa, tuna chawa, na hakuna aliyekuwa na picha hata moja ya kumwonyesha mtu.

Sasa nina miaka arobaini na minne na naishi Deira, Dubai, mwaka wa kumi na sita huu. Ninasimamia usafi wa vyumba katika hoteli moja Al Rigga. Mume wangu, Baba Neema, yuko ghala moja Jebel Ali, anatoka na metro ya alfajiri. Watoto wetu wawili wamezaliwa hapahapa. Neema ana miaka kumi na miwili, Amani minane. Ndio kizazi chenyewe hicho, wakichoka wanasema wana msongo wa mawazo, chungwa wanataka limemenywa na kukatwa vipande, na umeme ukisita dakika moja wanatazamana kama waliofiwa. Nyumbani hatujaenda miaka sita na ushee. Kwanza ilikuja korona, kisha Baba Neema akabadilisha kazi, kisha hiki, kisha kile. Bibi alishafariki zamani. Baba alipofariki naye, mama alihama Mwanza akarudi kisiwani, akaingia nyumba ileile ya bibi. Wanangu wanamjua kwenye simu, na simu yenyewe anaishika vibaya, sisi tunaona dari na yeye anaona vichwa vyetu tu.

Mwaka huu likizo zetu mimi na Baba Neema ziliangukia mwezi mmoja. Kwa watu wa hapa hiyo ni bahati ya mtende. Neema akaja kutoka shule, begi bado mgongoni, macho mekundu. "Mama, sisi kwa nini hatuendagi mahali?" Wenzake darasani kila wakifungua shule wanasimama kueleza walikokwenda. Yeye kila mwaka anaeleza alikwenda dukani. Rafiki yake mmoja ametoka likizo Barbados. Ameonyesha picha za bahari yenye rangi ya dawa ya kusukutulia. Iliniuma, sitasema uongo. Kesho yake kazini nikamweleza Njeri, Mkenya wa mapokezi, naye akanimalizia kabisa: "Enda tu bana! Home si itakuwa pale tu?"

Basi upupu wangu wa utotoni ukanirudia. Nilipanga safari ya Karibiani kwa wiki tano, na kwa wiki tano sikukaa kitako. Nikikanda chapati simu iko juu ya kabati naisoma. Nikiwa nakagua vyumba hotelini, natazama shuka la mgeni nafikiria shuka la Barbados. Kisiwa chenyewe, tuliambiwa, viza hakitudai, lakini tikiti ya bei rahisi inapita nchi inayokudai viza ya kukaa uwanjani saa tatu tu, na pasipoti yetu unaijua. Nikatafuta njia nyingine, inazunguka dunia siku mbili. Nikapata nyumba ya kupanga yenye jiko, nafuu mno, nikashangilia, kumbe ni nafuu kwa sababu ni msimu wa vimbunga. Nikafuta, nikaanza upya. Nilipiga hesabu tukibeba unga wa ugali na dagaa kwenye mabegi, tukapanda basi badala ya teksi, tukala hotelini mara moja tu kwa ajili ya picha, inawezekana. Baba Neema akirudi kazini ananikuta nimesimama dirishani. "Mama Neema, kaa basi, unanichosha na mimi niliyekaa." Niende wapi nikakae? Kukaa kulinishinda, na nilijua sababu.

Sababu ni kwamba nilikuwa nimemdanganya mama. Aliniuliza kwenye simu, taratibu tu, kama anauliza hali ya hewa, "Mwaka huu mtajaliwa?" Nami nikasema, "Mama, likizo nimenyimwa." Nikaongeza na madam wangu mkali, wakati madam wangu mwenyewe ndiye aliyenihimiza nipumzike. Mama akasema pole sana mwanangu, kazi za watu. Nilipokata simu nilikwenda kusugua jiko ambalo lilikuwa safi.

Ndipo nikafanya kosa, na ni kosa ambalo mtu asiyeishi huku hawezi kulifanya. Roho ilinisuta, nikaona nimtumie mama boksi. Wakala wa mizigo yuko mtaa wa tatu kutoka kwetu, unajaza boksi kubwa kuliko friji ndogo, linakwenda kwa meli, linafika Mwanza baada ya majuma kadhaa, Deo analichukua anamvushia mama. Nilijaza boksi hilo kama mtu anayefukuzwa. Blanketi mbili, chupa ya chai, maziwa ya unga, tende, viatu vya mama vya kupumzisha miguu, mafuta ya kujipaka, sabuni. Juu palibaki nafasi, nikatia shuka mbili za watoto zenye picha za samaki, nilizinunua kwenye punguzo, Neema akazikataa. Nikafunga kwa gundi, nikalipia, nikajisikia nafuu kidogo.

Nilisahau mila yetu wenyewe! Kwetu sisi tunaofanya kazi huku, boksi huwa linatangulia, na watu wako nyuma yake. Huwezi kupanda ndege na blanketi na masufuria, kwa hiyo mzigo unautanguliza, nawe unafuata mikono mitupu. Mara zote tatu nilizokwenda nyumbani, boksi ndilo lililobisha hodi kwanza. Mama alipofungua lile, akakuta shuka mbili za watoto, unafikiri alisomaje? Alijua tunakuja. Akajua ile habari ya kunyimwa likizo ni janja yangu ya kumshtukiza, maana safari ya mwisho nilimfanyia hivyohivyo, nikatokea uani na Amani mgongoni, yeye akiwa anasuka mkeka.

Picha iliingia Ijumaa nikiwa nakula mchana kwenye chumba cha wafanyakazi. Imetoka kwa Deo. Ukuta umepakwa chokaa mpya, nyeupe hadi inaumiza macho. Kitanda kipya cha mbao, na juu yake shuka la samaki limetandikwa, limenyooshwa kona zote. Mimi ni mtu wa shuka, najua kutandika kwa mtu aliyerudia mara tatu. Chini Deo ameandika: "Mama kanikataza nisikwambie tumejua. Kitanda cha pili kiko kwa fundi. Mbuzi ameshafungwa. Mnafika lini hasa, nije gatini?"

Chakula kilinishinda. Nilizunguka ule mlolongo wa vyumba mchana kutwa sikumbuki nilikagua nini. Nyumbani nikamwonyesha Baba Neema, akaitazama ile picha muda mrefu akanirudishia simu. "Mpigie," akasema. Nikasema nitampigia kesho. Akasema, "Sasa hivi."

Nikatoka nje kibarazani, katikati ya nguo zilizoanikwa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mmefika wapi?"

Mmefika wapi! Nikamwambia bado tuko Dubai. Nikamwambia likizo nilipata, sikunyimwa, nilimdanganya. Kwamba watoto walitamani kisiwa kimoja cha mbali, Barbados, huko karibu na Marekani, na tulikuwa tunapanga kwenda huko. Kwamba boksi nililituma tu, halikuwa la kutangulia. Niliyasema yote kwa pumzi moja, halafu nikangoja. Mama yangu mdomo anao, wanaomjua wanajua, na nilikuwa nimejiandaa kutukanwa mpaka nitoe machozi. Nilisikia kuku wake wakilia kule uani.

"Huko mna nani?" akauliza.

"Hatuna mtu, Mama."

"Hamna mtu kabisa?"

"Kabisa."

"Sasa atawapokea nani?"

Nikasema watu wa hoteli watatupokea. Akauliza, "Wanawajua?"

Hapo ndipo aliponimaliza, na hakukusudia. Miaka kumi na sita mimi ndiye mtu wa hoteli. Ninajua mgeni wa chumba fulani anakula biskuti kitandani na wa chumba kingine analala upande wa dirisha. Nawawekea taulo lililokunjwa na kadi iliyoandikwa "Karibu sana", na wakipita mbele yangu kwenye lifti siwajui sura.

"Hawatujui, Mama."

"Haya. Mungu awatangulie. Mkifika mnipigie, nisikae na wasiwasi." Kitanda hakukitaja. Chokaa hakuitaja, wala mbuzi. Bora angenitukana.

Nililia pale kibarazani mpaka Baba Neema akanifuata na kunivuta ndani kwa mkono. Hakunihubiria. Aliuliza tu vitanda viko vingapi, nikamwambia viwili. Akasema, "Basi khalas, watoto wana vitanda, sisi tutalala chini." Jioni hiyohiyo tukatafuta tikiti za Mwanza.

Neema alinuna siku mbili, mlango akaubamiza, na sikumlaumu. Hata mimi ile bahari ya bluu niliitamani, bado naitamani. Amani yeye alikaa akifikiri, kisha akaniuliza, "Bibi ananijua mimi?" Nikamwambia anakujua sana. Akasema, "Aliniona wapi?"

Enzi zetu swali hilo hakuna mtoto angeliuliza. Meli ilikuwa haijafunga kamba pale Nansio, bandari ya Ukerewe, na bibi ameshasimama gatini tangu asubuhi, anaita majina kabla hajaona sura, anataja na ya wajukuu ambao hawakuja, na sisi tunasukumana kwenye ngazi kila mmoja anataka kushikwa wa kwanza. Akituvuta mashavu anasema tumekonda, hata kama tumenona. Watoto wetu wa leo wamepita viwanja vya ndege vikubwa kuliko Nansio nzima, wanajua kusukuma begi la magurudumu na kusoma namba ya geti, na wanaowangoja na majina yao huko ni watu walioshika vibao. Wana vitu vingi ambavyo sisi hatukuota kuwa navyo. Hilo la kuitwa kwa mbali na mtu aliyeacha kazi zake kukungoja, hilo nimeshindwa kuwanunulia hapa Dubai, na nimekaa sana.

Nilimpigia mama tena, nikamwambia tunakuja, wote wanne, mwezi huuhuu. Nilitegemea vigelegele. Yeye akauliza Amani siku hizi ana kimo gani.

"Ananifika kifuani, Mama."

"Wewe!" akasema. "Basi kile kitanda hakitamtosha. Nilimwambia fundi ni mtoto wa kubebwa."