Binti wa Bergur arudi kisiwani na tiketi ya watalii

Saa tatu asubuhi, feri inaondoka kuelekea visiwa vya Vestmann, kusini mwa Iceland. Watalii wamejazana nje na kamera zao. Oddný Bergsdóttir amekaa ndani peke yake, dirisha ameligeuzia mgongo. Mikono yake ina makovu ya mafuta ya moto. Ni mpishi wa shule ya msingi mjini Selfoss, na leo, shule zikiwa zimefungwa, hana samaki wa kuchemsha wala viazi vya kumenya.

"Dada, ndiyo mara yako ya kwanza kwenda kule?" mwanamke anayekagua tiketi anamuuliza.

"Nimezaliwa huko."

"Sasa mbona umekata ya watalii, ya kwenda na kurudi leo leo?"

"Hata kushuka sijui kama nitashuka," anajibu Oddný.

Ana miaka sitini. Alikuwa na saba usiku ule wa Januari 1973, ardhi ilipopasuka nyuma ya mji wa kisiwani na moto ukaruka angani. Alibebwa akiwa na nguo zake za kulalia hadi kwenye mashua ya uvuvi, mama yake akitapika njia nzima. Nyumba yao ilimezwa na lava, uji wa mawe ya moto.

Moto ulipotulia, baba yake, Bergur, mvuvi, alirudi kujenga upya. Mama yake aligoma.

"Mama alimwambia achague, kisiwa au sisi," anasimulia Oddný. "Baba akadhani ni hasira za siku mbili tu. Zikawa za maisha."

Bergur alifariki binti yake akiwa na miaka ishirini na minne. Siku ya mazishi Oddný alikuwa amekwisha kuvaa koti, mama yake akasimama mlangoni. "Ukipanda meli hiyo, usinirudie." Koti akalivua.

Mama huyo alifariki majira ya baridi yaliyopita.

Oddný alishuka. Alizunguka kisiwa kama mgeni yeyote. Alipanda mlima uliozaliwa usiku ule, akachimba changarawe nyekundu kwa vidole na kukuta bado ina uvuguvugu. Chini yake, juu ya lava iliyopoa, alikuta kibao chenye jina la mtaa uliozikwa hapo. Ulikuwa mtaa wao. Mtalii mmoja akamwomba ampige picha kando ya kibao.

"Nilimwambia atabasamu," anasema. "Ningemwambia nini kingine?"

Makaburini alimkuta mzee aking'oa magugu.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Bergur Oddsson."

Mzee huyo, Hallvarður, aliyevua samaki na Bergur, aliinuka taratibu akamtazama. "Kumbe umekuja. Na pua umepewa ya kwake, maskini wee!"

Alimpeleka hadi kwenye kaburi. Lilikuwa safi.

"Kila Jumamosi alinyoa ndevu, akashuka bandarini kungoja meli," Hallvarður alisema. "Tukamtania, 'Bergur, leo unaoa?' Akasema, 'Binti yangu huenda akaja. Sitaki nimchome mashavu.'"

Oddný alikaa kwenye nyasi. "Mbona yeye hakuja kwetu?"

"Alikuja mara moja. Mama yako hakumfungulia."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ndani. Baba yako alisema alikusikia ukicheka. Akaona unalelewa vizuri, akarudi."

Oddný alibaki hapo mpaka feri ilipopiga honi, kisha akamwomba mzee amwonyeshe shule ya kisiwani ilipo. Feri iliondoka bila yeye. Akarudi Selfoss kesho yake.

Sasa ameomba kazi ya upishi katika shule hiyo na anasubiri jibu. Wakikataa, anasema, atahamia hata kwa kuosha vyombo. Majirani wanamuuliza, na kaburi la mama yake pale Selfoss atamwachia nani?

"Mama nilimuuguza mpaka pumzi ya mwisho," anajibu. "Zamu yake nimeimaliza. Sasa ni ya baba."