Fimbo ya Mpera

Mtu akikata tawi la mpera karibu nami, ile harufu bichi ya ganda hunirudisha mtaani Mbotela, kwenye meza yetu ya Jumapili jioni, na hasira hunipanda upya. Miaka yote hii, bado.

Baba alikuwa fundi wa reli na mhubiri wa kanisa letu dogo. Baada ya chai alitufunza Biblia, Mama akipiga pasi sare zetu pembeni. Si kila neno huchukuliwa lilivyo, alituambia. Kung'oa jicho linalokukosesha? "Hiyo ni chuku," angesema, akipangusa miwani. Kuuza mali yako uwape maskini? Sitiari hiyo, watoto. Mume kujitoa kwa ajili ya mkewe? Sitiari vilevile. Lakini aya ikitaja fimbo, au mke kutii, hiyo sasa ilikuwa neno kwa neno. Ati!

Dada yangu Nekesa, aliyekuwa kidato cha pili, ndiye aliyethubutu. "Baba, mbona yanayokugusa wewe ni chuku, na yanayotugusa sisi ni amri?"

Mama alisahau pasi juu ya shati langu mpaka likaungua. Baba alinigeukia mimi, niliyekuwa nimeongoza darasa kwa insha. "Nafula, wewe ndiwe msomi wa tamathali. Fimbo hapa ni mfano, ama ni fimbo?"

Haki ya Mungu, nilijua jibu: ni mfano. Mwalimu alikuwa ametufunza wiki hiyo hiyo. Nikaitazama ile fimbo ya mpera nyuma ya mlango, nikasema, "Ni fimbo, Baba."

Nekesa alipigwa hadi ikavunjika. Alipokuwa akifunga nguo zake, Baba akamwambia kuanzia siku hiyo yeye si mtoto wake. Akaenda mtaa wa Kware, kwa rafiki aliyekuwa akifulia watu nguo, na shule ikaishia hapo.

Sasa Baba ni mzee, haoni vizuri, na anamtaka Nekesa. "Mpigie, mama," aliniambia juzi. "Mwambie yale maneno ya siku ile yalikuwa chuku tu."

Nikampigia. "Zii, Nafula, siji," alisema polepole, watoto wake wakicheka nyuma yake. "Mimi nilimsikia neno kwa neno."

Nilitaka kumwuliza kama na jibu langu la jioni ile alilisikia hivyo hivyo. Niliogopa tena. Utotoni nilidhani nimejibu swali tu. Nilichelewa sana kuelewa kwamba Baba alikuwa akiomba ruhusa, na mimi ndiye niliyempa.