Kiti cha Mama Mkwe: Tarime hadi Ikoma kwa Gari la Majaribio

Kilichonitoa nyumbani ni macho ya mama mkwe wangu. Anaishi kijiji kimoja jirani na Ikoma, kule Serengeti, na macho yake yote mawili yameingiwa na mtoto wa jicho. Madaktari wa macho huja Tarime mara moja moja, na safari hii walikuwa wamempangia upasuaji siku ya Jumatatu. Basi la abiria alishalikataa tangu siku aliyokosea ngazi ya kushukia akaanguka na kapu lake la viazi. "Sipandi kitu ambacho miguu yangu haikioni," alisema, na mama mkwe wangu akisema neno, hata mto Mara husimama kumsikiliza. Asipofika Jumatatu madaktari wangeondoka, naye angebaki na giza lake hadi watakapoikumbuka tena njia ya kwetu.

Wakati huohuo mimi na mke wangu Ghati tulikuwa tunatafuta gari la familia. Pale Tarime mjini yupo Mzee Shabani, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka Tanga. Mbele anauza saruji na mabati, nyuma ya duka anauza magari yaliyokwishatumika. Alikuwa na gari moja la kijivu aina ya saluni, milango minne, si yale madogo ya kukaa magoti kidevuni, wala si yale makubwa yanayokunywa mafuta kama harusi inavyokunywa soda. Nilikuwa nimelizunguka wiki nzima hadi nyasi zikaanza kufa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Sasa wewe unalitazama mpaka linaona haya. Gari halijulikani likiwa limesimama. Lichukue, ulipeleke kulekule utakakokuwa unakwenda nalo ukishalinunua. Jumapili jua likizama liwe hapa, maana kuna wakala wa forodha wa Sirari naye analimezea mate."

Leseni ninayo tangu enzi zangu za kuendesha pikapu ya kusambaza soda. Nikasema, vizuri, nitaleta macho ya mama na kulipima gari kwa safari moja.

Jumamosi alfajiri tulianzia Susuni kwa wazazi wangu, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayekwenda ukweni mikono mitupu. Hapo nikapata kupima buti. Lilimeza gunia la mahindi, mkungu wa ndizi, dumu la mafuta ya kula na blanketi mbili, likafungwa bila kusukumwa na makalio. Ningesema lingemeza na ng'ombe akaendelea kucheua humo ndani, ila jogoo tu alitushinda. Ikabidi asafiri miguuni kwa Ghati. Baba alikuja na fimbo yake, akaligonga gurudumu, akainama kuchungulia uvunguni.

"Mura, mwanangu, tumbo lake liko chini. Huko Nyamongo litapita, au litaatamia mawe kama kuku?"

"Litapita, baba."

"Likiatamia, usinipigie simu. Mimi sina mayai."

Kutoka Tarime hadi mbele ya Nyamwaga ni raha tupu. Kwenye lami gari hili halina kelele. Ghati aliongea kwa sauti ya kawaida nami nikamsikia, jambo ambalo kwenye pikapu halikuwahi kutokea. Vilima vya kwetu, ambavyo hufanya magari mengine yatoe roho, lilivipanda likiwa linapumua kwa pua. Kiyoyozi kilikuwa kikali kiasi cha kuweza kugandisha samaki. Jogoo aliacha kulalamika, akajikunyata.

Nyamongo ilianza habari nyingine. Hapo yapo malori ya mgodini, ipo changarawe, na lipo vumbi ambalo ukilikusanya unafyatulia matofali ya kijiji kizima. Kwa mwendo wa taratibu shokapu zilimeza mashimo bila manung'uniko. Mara mbili uvungu uligonga jiwe, na mara zote mbili Ghati alinitazama kama vile jiwe ni ndugu yangu. Nilishuka, nikachungulia, hakuna kinachovuja. Fundisho la wazi: kwenye changarawe saluni inataka dereva anayechagua pa kukanyaga kama mtu aliyevaa viatu vya kanisani.

Daraja la mto Mara tulilivuka jua likiwa kali. Ng'ombe walikuwa wanavuka nasi, nao hawakuwa na haraka. Tulisimama hapo muda mrefu injini ikiunguruma, na mshale wa joto haukusogea. Mchungaji aliyekuwa nyuma ya kundi aliegemea dirisha langu.

"Hii gari inauzwa?"

"Ni ya majaribio."

"Basi ijaribu kupiga honi uone kama ng'ombe wangu watakusikiliza."

Sikupiga.

Mugumu tulikula wali na maharage, tukaendelea. Mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka kidogo tu, kama mzee anayekaa kitini kwa hatua. Kuanzia hapo barabara inanyooka kuelekea Ikoma, miti inapungua, na swala wanasimama kando wakikagua magari kama askari wa usalama barabarani. Tulifika jioni. Mbavu zangu zilikuwa zote mahali pake, na kwa safari ile hiyo ni alama ya juu kabisa.

Ukweni tulipokelewa vizuri mno. Kwa asiyejua mila yetu niseme kwa ufupi: kwetu Wakurya mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Ni heshima kubwa, si ugomvi. Mimi nilimwamkia "shikamoo, mama" nikiwa nimegeukia zizi, naye akaitikia akiwa amegeukia jiko, kila mtu akaridhika. Usiku nililala nyumbani kwa shemeji yangu Marwa, mdogo wake Ghati, ambaye ni mpishi katika hoteli moja ya watalii karibu na lango la hifadhi.

Jumapili asubuhi nilifungua mlango wa nyuma, nikaenda kusimama mbele ya boneti nikitazama zizi. Ghati alimwongoza mama yake. Nilisikia amekaa. Nilisikia amesifu: kiti ni laini, pa kunyooshea magoti papo, mlango uko chini hivyo hakuna ngazi ya kutafuta. Moyoni nikaanza kumuaga wakala wa Sirari. Nikazunguka, nikaingia kwenye usukani, macho mbele. Marwa akachungulia nyuma, akaketi kidogo pembeni ya mama yake ili ampangie mto wa mgongo.

"Ah! Shemeji!" akaropoka. "Macho yako haya hapa! Nakuona kabisa kwenye hicho kioo cha juu!"

Mara mlango wa nyuma ukafunguliwa, na nikasikia fimbo ya mama mkwe ikitafuta ardhi.

Nimelipima gari lile kwa mashimo, kwa vilima, kwa gunia na kwa jogoo. Sikulipima kwa hilo. Kile kioo kidogo cha ndani, kinachomwonyesha dereva yaliyo nyuma, kingeuleta uso wa mama mkwe mbele ya pua yangu kutoka Ikoma hadi Tarime.

"Mama, ingia twende," Ghati alisema. "Madaktari hawangoji. Na wewe huoni hata hivyo."

"Mimi sioni. Yeye je? Naye ana mtoto wa jicho?"

"Atatazama barabara."

"Akitazama barabara tu, kioo wamekiweka cha nini? Watengenezaji si wajinga."

Hapo mimi nilikuwa nimekwisha kurudi kwenye boneti na zizi langu. Marwa, akitaka kusawazisha alichoharibu, alileta shuka aifunge katikati, mbele na nyuma vitengane.

"Unifunike kama maiti anayesafirishwa?" mama akamwuliza. "Niondolee."

Jua lilikuwa linapanda. Nilimwona Ghati anafuta uso kwa ncha ya kanga, na Ghati si mtu wa kulia ovyo. Nikamwita, nikamnong'oneza, akaenda kumwambia mama yake kwamba nitakigeuza kioo kitazame paa na nitakwenda na vile viwili vya pembeni tu. Mama alimtuma Marwa aketi tena ahakikishe. Marwa akaapa kwamba anaona paa tupu. Ndipo mama akaingia.

Kurudi hadi Mugumu hakukuwa na shida. Tatizo lilianza baada ya mto Mara, kwenye vumbi. Vioo vya pembeni viligeuka rangi ya chapati, nami nikawa naendesha kama mtu anayetembea kinyumenyume gizani, ila mimi nilikuwa naenda mbele mchana. Ghati alipiga magoti kwenye kiti chake, akageukia nyuma, akawa mtangazaji wa mpira.

"Lori. Liko mbali. Linakuja. Linakuja sana! Kaa kushoto!"

"Kushoto kuna mbuzi!"

"Basi usikae kushoto!"

Honi ya lile lori ilinitoa nywele kichwani, na nywele zenyewe si nyingi. Lilipita ubavuni kwa nafasi ambayo karatasi ingeingia kwa kuomba. Mbuzi alipona, sisi tulipona. Nilisimamisha gari kando. Sauti ikatoka nyuma, haikunijia mimi moja kwa moja ingawa tulikuwa ndani ya bati moja:

"Ghati. Hilo lilikuwa nini?"

"Lori, mama."

"Lilikuwa karibu?"

"Lilikuwa karibu."

"Mwambie mumeo afute hivyo vioo vyake."

Nikafuta. Tangu hapo nilifuta kila baada ya muda mfupi, na tulikwenda polepole kiasi kwamba bodaboda walikuwa wanatusalimia wakitupita.

Tarime tuliingia jua likizama. Mzee Shabani alikuwa amesimama nje ya duka. Alilikagua gari, akachungulia ndani.

"Kioo kimevunjika?"

"Hapana, mzee. Kimetoa heshima."

Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika gunia la saruji, kisha akamwona mama mkwe anashushwa, akaacha kucheka.

"Gari lenyewe je?"

Nikamwambia ukweli: zuri, lina buti, halinywi ovyo, lipo chini kidogo. Lakini kama mama hatalipanda tena, kwetu halifai. Familia yangu bila mama huyo ni nusu. Akafikiri.

"Mgonjwa kwanza. Baki nalo, wa Sirari nitamwambia aje Jumatano."

Jumatatu mama alipasuliwa jicho moja. Jumanne asubuhi akafunguliwa bandeji, na mchana alirudishwa nyumbani kwetu. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, mahali pangu pa haki, nikisikiliza. Alisimama uani. Akazitaja rangi za kanga zilizoanikwa, moja moja, kama mtu anayeita wajukuu. Kisha akaona gari.

"Ndilo hili? Mlango mpana vile, kumbe gari lenyewe ni dogo hivi."

Akatoka hadi barabarani. Malori ya kwenda Sirari yalikuwa yanapita. Ghati anasema mama yake aliyatazama matatu bila kupepesa.

"Lile la juzi lilikuwa kama hayo?"

"Kubwa zaidi, mama."

"Na mumeo alikuwa halioni?"

"Alikuwa haoni."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Mwambie akirudishe kioo mahali pake. Mimi nitajifunika."

"Mama! Leo tu wamekufungua jicho."

"Nitajifunika upande wa kioo. Upande wa dirisha nitaacha wazi, nataka kuona ng'ombe."

Jumatano wakala wa Sirari alipofika hakulikuta gari, tulikuwa tumekwisha kulinunua. Ijumaa tulimrudisha mama kwao. Nilichojifunza kwa safari hizi ni kwamba gari la familia hulipimi kwa mashimo tu. Wapakie watu wako wote, kila mmoja na heshima yake, ndipo uwashe injini. Kioo kilikuwa mahali pake. Ndani yake niliona malori yakija, nikayapisha kwa wakati. Niliona pia kitenge cha njano kimeketi wima mlangoni, kimefunika kichwa kizima, na kila tulipolipita kundi la ng'ombe, ukingo wake wa upande wa dirisha ulikuwa unainuka.