Bahari Ndani ya Ukuta wa Sebule

Nyumba yangu nimeijenga mwenyewe. Sisemi nilitoa hela watu wakajenga. Nasema zege la msingi nililimwaga mimi, nondo nilizifunga mimi, na mwashi akipindisha mstari nilimshusha kwenye ngazi nikapanda mimi. Iko Geita, juu ya kilima, na ukishuka stendi unaliona bati lake la bluu kabla hujaona kitu kingine. Nilitoka Kishapu na darasa la nne na fimbo ya kuchungia ng'ombe. Leo nina mtambo wa kuchenjua dhahabu, matangi saba ya zege, na hakuna hata moja lililowahi kuvuja. Naeleza haya ili ieleweke kwamba nilipoamua kuweka bahari kwenye ukuta wa sebule yangu sikuwa naota. Maji nayajua.

Mke wangu ni mtu wa Tanga. Alikuja machimboni akiwa binti, anauza khanga na mihogo ya kukaanga, na mimi wakati huo nilikuwa bado nashuka shimoni na kamba kiunoni. Tumekaa miaka ishirini na mbili. Mwaka jana mama yake alifariki, akaenda kuzika, akakaa kule miezi minne. Aliporudi alikuwa anakula, anacheka na majirani, lakini ni kama mtu aliyekaa kwenye benchi anasubiri gari. Siku moja anachagua mchele barazani, akaniambia bila kuinua uso kwamba akishampeleka mtoto wetu wa mwisho shule ya bweni, kidato cha tano, yeye hatarudi tena Geita. Mama yake amemwachia nyumba. Anataka kuzeekea kwao.

Hakuwa na hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. Mwanamke mwenye hasira unajua pa kuanzia.

Nikamuuliza anakosa nini hapa kwangu. Akasimamisha mkono kwenye ungo, akafikiri.

"Rangi," akasema. "Rangi ya maji asubuhi."

Mtu mwingine angevuta kiti akamuuliza zaidi. Mimi nilisikia kama mteja ametaja anachotaka. Nikapiga hesabu kichwani: shule inafunguliwa baada ya wiki saba. Kwa wiki saba mimi nimewahi kuinua mtambo mzima porini kule njia ya Ushirombo, mvua inanyesha. Nitashindwaje na tangi la samaki?

Nilipata namba ya mzee mmoja wa Dar anayetengeneza matangi ya samaki wa baharini kwenye mahoteli. Hatukuwahi kuonana, yote tulipanga kwa simu. Nilimwambia nataka tangi liwe ndani ya ukuta, kati ya sebule na chumba cha kulia, litazamwe pande zote mbili kama dirisha. Akauliza ukuta una unene gani, juu yake kuna nini, sakafu imekaaje. Nikamjibu bila kupumua. Nilichora kwenye mfuko wa saruji: urefu futi nane, kimo futi mbili na nusu, upana futi mbili. Akaniambia maji peke yake yatazidi tani moja, kwa hiyo kitako kisikae juu ya vigae, kishuke mpaka kwenye msingi. Nikamwambia mzee, msingi huo nimeumwaga mimi, ungebeba lori. Akasema amezoea matajiri wanaojua rangi ya samaki tu. Nilifurahi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mengine alinifundisha. Juu kuwe na mlango wa kupitisha mkono kusafisha. Pampu zikae kwenye kabati chini, na kabati liwe na matundu ya hewa, kwa sababu maji ya chumvi yanakula kila chuma. Soketi za umeme zisikae chini ya usawa wa maji. Chumvi isiwe hii ya kupikia. Kuna chumvi yake yenye vitu vyote vya bahari ndani yake, na inakorogwa na maji yaliyochujwa mpaka yasibaki na kitu. Haya yote niliyapanga vizuri. Hata leo aje fundi yeyote akague, hatakuta kosa kwenye ule ukuta.

Kosa lilikuwa kwenye siku.

"Bosi," mzee aliniambia, "ukuta unaujenga kwa wiki moja. Maji hayana haraka. Utie mawe ya matumbawe, uwashe pampu, uyaache miezi miwili vijidudu vyake vya kuyasafisha viote. Ndipo ulete samaki. Matumbawe hai yaje baadaye kabisa."

Nikamwambia sina miezi miwili. Akauliza kuna sherehe gani. Nikamuuliza bei ya vioo.

Nilivunja ukuta Jumatatu. Vumbi likaingia kwenye vyombo, kwenye mashuka, kwenye unga. Mke wangu alisimama mlangoni na kitambaa puani akauliza navunja nini tena. Nikasema ataona. Hakuuliza mara ya pili, akaenda kufunika masufuria. Majirani zake walikuja kuchungulia, mmoja akamwambia, "Mume wako kamaliza milima yote, sasa kahamia sebuleni. Akipata dhahabu hapo, shoga, usisaini kitu." Wakacheka. Naye alicheka nao, nikashukuru hata kwa hicho.

Vioo vikaja kutoka Mwanza, vinene kama kidole gumba. Vikagandishwa, vikakauka, tukajaza maji. Hakuna tone lililotoka. Mawe nikayapanga mwenyewe, kwa sababu kupanga mawe ni kazi iliyonilea. Ikabaki kusubiri, na kusubiri sijui. Kila asubuhi nilikuta maji meupe matupu na mawe yamekaa kama kifusi, na mke wangu anapita na ndoo bila kugeuza shingo. Wiki nne zilizobaki zikawa tatu. Nikaanza kumwona anagawa vitu: sufuria kubwa akampa jirani, mashine ya kushonea akampa dada wa kanisani aliyekuwa anajifunza kushona. Nikampigia mzee nikamwambia alete samaki na matumbawe. Akakataa. Nikapiga tena, akakataa. Siku ya tatu nilimwomba kwa sauti ambayo wafanyakazi wangu hawajawahi kuisikia. Akasema sawa, lakini samaki wawe wachache, matumbawe vipande vichache vya wafugaji wenye kibali, na nisiguse maji bila kumuuliza.

Samaki walikuja kwa ndege mpaka Mwanza. Nikaenda mwenyewe kuwapokea, nikavuka daraja na maboksi kwenye kiti cha nyuma, nimefungua kiyoyozi kidogo tu kama mzee alivyoelekeza, naendesha polepole kama nimebeba mgonjwa. Tukaiacha mifuko waliyokuja nayo ielee ndani ya tangi saa nzima, kisha nikawaachia. Nikawasha taa ya bluu.

Mke wangu akatoka jikoni na mikono ina unga. Akasimama. Samaki mmoja bapa, wa manjano na michirizi, akapita mbele ya uso wake.

"Kitatange," akasema. Akaweka kiganja kwenye kioo, unga ukabaki pale. Akanionyesha mwingine, akanitajia jina wanalomwita kwao, akanieleza kwamba walikuwa wanawaona utotoni maji yakitoka, kwenye madimbwi ya miambani. Alisimama pale mpaka chai ikapoa. Jioni ile alikula upande wa chumba cha kulia, ameelekea tangi. Nilijiambia, umeweza, mtoto wa Kishapu. Umeweza na hili.

Kesho yake mchana nikapima maji. Sikutumia vipimo vya mzee, nilitumia karatasi zangu za mtamboni, zinazobadilika rangi kuonyesha namba ya ukali wa maji. Mzee alisema namba iwe nane na kidogo. Karatasi ikaonyesha haijafika hata nane.

Sasa hapa lazima nieleze kazi yetu. Sisi tunachenjua kwa sayanaidi, na sayanaidi ndani ya maji ambayo namba yake imeshuka chini ya kumi inapanda kama moshi usiouona. Nimembeba mtu mgongoni kutoka kwenye tangi kwa sababu ya namba iliyoshuka. Alipona, lakini uzito wake bado naujua. Dawa yake ni chokaa, inairudisha namba juu. Miaka yote mkono wangu, ukiona namba ya chini, unaenda kwenye chokaa wenyewe, kama mkono wa dereva unavyoenda kwenye gia. Najua kwenye tangi la sebuleni hakukuwa na sayanaidi. Nilijua hata siku ile. Lakini niliona namba ya chini na vitu hai ndani ya maji, na sikuweza kukaa. Nikampigia mzee, simu haikupokelewa. Nikaenda stoo nikachota kikombe kimoja cha chokaa. Nikakoroga. Karatasi ikasogea kidogo. Nikaongeza.

Maji yakawa meupe kama tui. Pampu ikalisambaza lile wingu pande zote, na kwa muda sikuona kitu. Kisha nikawaona wamepanda juu, midomo nje ya maji, mashavu yanapiga mbio. Matumbawe yaliyokuwa yamefunguka kama vidole yakajikunja. Nikatumbukiza mikono mpaka kwapani nikawa nawachota na chujio la chai nawatia kwenye ndoo. Maji ya kwenye ndoo nayo nilikuwa nimeyachota humohumo.

Mke wangu alinikuta hivyo akitoka sokoni. Hakupiga kelele. Aliweka kapu chini, akachovya kidole kwenye tangi, akakinusa.

"Inanuka kazini kwako," akasema.

Nikamwambia nitabadilisha maji yote leo hii, nitaagiza samaki wengine, wiki ijayo yatakuwa tayari.

"Kule mtamboni ni kwako, sijawahi kukusemesha," akasema. "Sasa umeniletea bahari nyumbani, ukaigeuza mtambo."

Samaki walikuwa wamelala ubavu kwenye ndoo. Nilipiga magoti pale kwenye vigae, shati limelowa, na nikamwita mayu, mama kwa Kisukuma chetu, jina ninalomwita nikikosa neno jingine. Nikasema, "Usiende."

Alikaa kwenye kiti cha kulia. "Hilo neno," akasema mwishowe, "ungelisema siku ile ya mchele ningelifikiria." Kisha akainuka, akachukua taulo akanifuta mikono kwa sababu chokaa ilikuwa imeanza kuiunguza. Alinifuta taratibu, kidole kwa kidole. "Kule kuna chumba," akaniambia. "Ukitaka kuja njoo, Baba watoto. Lakini usije na fundi. Usije na mpango wowote. Njoo tu."

Nilimsindikiza stendi yeye na mtoto. Nilimnunulia maji na korosho dirishani, nikampungia mkono kama watu wote.

Ni miezi tisa sasa. Mtambo unatembea, sijawahi kuchenjua vizuri kama mwaka huu, yeyote wa ukanda huu atakwambia. Mke wangu hupiga simu kila Ijumaa akitoka sokoni kwao, tunaongea watoto, tunaongea mvua, kisha huniuliza nakuja lini. Nami humwambia nikimaliza mzigo huu uliopo kwenye matangi. Huwa namaanisha. Lakini mzigo mmoja ukitoka, mwingine umeshafika getini, na mimi ndiye ninayejua kuupima.

Ijumaa iliyopita tuliongea watoto, tukaongea mvua. Akaniaga. Hakuniuliza.