Tabaka la Katikati

Nilifanya kazi na Alexander miaka minne katika maabara moja hapa Mwanza, na sikuwahi kumwona akikaa kwenye mashine saa mbili mfululizo. Yeye alikuwa fundi mkuu, mimi Odeta msaidizi wake. Stashahada yake ni kama yangu, lakini alitaka aitwe Dokta, na walinzi wa getini, kwa kumchoka, walimwita hivyo. Koti lake jeupe halikuwahi kupata doa. Fundi asiye na doa anafanya kazi gani?

Sisi tunafuma nyuzi kwa umeme. Utomvu unatiwa kwenye bomba la sindano, sindano inaunganishwa na umeme mkali, na umeme huo unauvuta utomvu uwe nyuzi nyembamba kuliko za buibui, zinazotua kwenye ngoma inayozunguka mpaka ziwe kitambaa. Kitambaa chetu cha vidonda kina matabaka matatu. La juu linazuia uchafu. La chini linagusa kidonda, nyama mpya inapata pa kuotea. La katikati limebeba dawa yenye rangi kama ya mawese, inayotoka kidogo kidogo kwa siku kumi. Hilo linataka saa sita za kukaa na kutazama, maana unyevu wa ziwa ukiingia, nyuzi zinageuka matone.

Saa sita! Alexander alikuwa mwenyekiti wa kamati tatu za harusi kwa mpigo.

Mwezi wa tatu vitambaa alivyofuma vilifungwa kwenye vidonda vya mbuzi sita wa majaribio, waliotunzwa na Mzee Yakobo, mfugaji wa Magu. Siku ya tano mzee alinisubiri mlangoni pa banda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unuse."

Sikuhitaji kusogea karibu. Vidonda vinne vilitoa usaha, na mbuzi mmoja hakuweza tena kukanyaga mguu wa nyuma.

Nikarudi maabara, nikachukua kipande kilichobaki kabatini, nikakichambua kwa kibanio, tabaka kwa tabaka, kama chapati. Jeupe. Jeupe tena. Basi, hapakuwa na la tatu.

Alexander nilimkuta kwenye simu akibishania rangi ya mapambo. Nikamwekea kipande mezani.

"Tabaka la katikati liko wapi?"

Akakata simu. "Odeta, punguza sauti. Wageni wanakuja Jumatatu kuona kitambaa. Nani atakichana?"

"Mbuzi wanaoza."

"Si mbuzi tu hao?"

Nikaenda moja kwa moja kwa Profesa Kashindye, mkuu wetu. Alexander alipoitwa, alisingizia unyevu wa ziwa.

"Unyevu unaharibu nyuzi," Profesa akamwambia. "Huo unyevu umeanza lini kula dawa?"

Alexander akalia. Mwanaume wa miaka arobaini na mbili, kamasi zinamtoka. Nilidhani ni aibu, mpaka alipouliza kama jina lake litafutwa kwenye ratiba ya wageni. Lilifutwa, na wageni wakaambiwa wasije. Yeye akahamishiwa stoo ya jengo lingine, kuhesabu chupa.

Mzee Yakobo aliosha vile vidonda asubuhi na jioni. Watano walipona. Yule wa mguu alikufa, mzee akamzika mwenyewe.

Mwezi wa tano, mvua zilipopungua, nilifuma upya. Nilikaa zile saa sita, macho yanawasha, na kila kitambaa chenye matone nikakitupa. Vidonda vya safari hiyo vilifunga siku ya kumi na mbili, vikavu. Mzee Yakobo alinishika mkono.

Juzi nimekutana na Alexander stendi ya Buzuruga.

"Nasikia kitambaa chetu kimefaulu!"

"Chetu, wewe na nani?"

Akacheka, akaanza kunieleza jinsi alivyoweka msingi, jinsi miaka ya mwanzo ilivyokuwa migumu. Gari la Magu likakaribia kujaa, nikapanda. Kupitia dirishani nilimwona bado anaongea, sasa na muuza maji.